Marekani: Majeruhi wa risasi arudipo nyumbani

Tarehe 8 Januari mwaka 2011 mwanaanga wa Marekani Mark Kelly alikuwa angani, lakini si katika chombo cha anga za juu. Alikuwa ndani ya ndege ndogo ya rafiki yake, akitoka Houston kwenda Tucson katika jimbo la Arizona, pamoja na mama yake mzazi na binti zake wawili. Saa chache kabla ya hapo mkewe, Gabrielle Giffords, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, alipigwa risasi ya kichwa alipokuwa akizungumza na wapiga kura wake nje ya duka la vyakula. Watu 6 waliuawa katika shambulio hilo na wengine 13, yeye akiwa miongoni mwao, wakajeruhiwa kwa risasi.

Ndege ile ilikuwa na televisheni. Kelly na jamaa zake wakiwa wanaitazama, vituo vya habari vikatangaza kwamba mbunge huyo amefariki. Mabinti wakaangua kilio, bibi yao nusura apige ukelele, naye Kelly akajifungia msalani akalia. Ulipita muda kabla hawajapata ukweli kwa simu kutoka Tucson: habari ile haikuwa sahihi, Giffords yu hai na madaktari wanamfanyia upasuaji.

Mkasa wa namna hiyo ulikwisha kutokea miaka 30 nyuma. Tarehe 30 Machi mwaka 1981 mtu aliyetaka kumuua Rais Ronald Reagan mjini Washington alimpiga pia msemaji wa Ikulu, James Brady, risasi ya kichwa. Siku ile nayo vituo vikubwa vya televisheni vilitangaza kifo ambacho hakikutokea. Brady aliishi. Mkewe, Sarah, alibaki na mume aliyepooza upande wa kushoto, na mtoto wa kiume aliyekuwa bado mdogo.

Familia hizi mbili zilifiwa kwa dakika chache, kisha zikarudishiwa mtu wao. Ulimwengu ulishusha pumzi na kusema amepona. Kiswahili chenyewe hapa kina mtego wake, kwa kuwa kitenzi hicho kimoja hubeba maana mbili: aliyeponea chupuchupu kifo amepona, na aliyerudiwa na afya yake amepona. Kati ya kupona kwa kwanza na kupona kwa pili pana njia ndefu, na aghalabu anayeitembea kwa miguu si majeruhi peke yake bali ni mke, mume, mama au ndugu anayemuuguza.

Hesabu inayoishia makaburini

Mjadala wa silaha nchini Marekani huendeshwa kwa idadi ya waliokufa. Mwaka 2021 walifariki watu 48,830 kwa risasi, zaidi ya nusu yao wakiwa waliojiua wenyewe. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi 46,728. Takwimu hizi hutolewa na serikali, hunukuliwa bungeni na hutangazwa na vyombo vya habari duniani kote.

Wanaojeruhiwa wakaishi ni wengi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2009 na 2017 watu waliokufa kwa risasi nchini humo walikuwa wastani wa 34,538 kila mwaka, ilhali waliofikishwa hospitali na majeraha yasiyowaua walikuwa 85,694. Maana yake ni kwamba kwa kila jeneza moja kulikuwa na vitanda viwili na zaidi vya wagonjwa, na nyuma ya kila kitanda kulikuwa na nyumba.

Ni hivi karibuni tu ambapo watafiti wamezigeukia nyumba hizo. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo cha Tiba cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia manusura 6,498 wa risasi pamoja na jamaa zao 12,489, wakiwalinganisha na watu wanaofanana nao ambao hawakupatwa na mkasa. Miongoni mwa manusura, maradhi ya akili yaliongezeka kwa asilimia 51, maumivu ya mwili kwa asilimia 40, na matatizo ya ulevi na dawa za kulevya kwa asilimia 85. Hayo pengine yalitarajiwa. Lililowashtua wengi ni jamaa: mtu ambaye risasi haikumgusa, lakini anaishi nyumba moja na aliyepigwa, naye alionekana kuugua. Maradhi ya akili miongoni mwao yalizidi kwa asilimia 12.

Mwaka uliofuata watafiti hao walitazama watoto waliojeruhiwa. Kwa wazazi, maradhi ya akili yaliongezeka kwa takriban asilimia 30, na akina mama walikwenda kwa wataalamu wa akili kwa asilimia 75 zaidi ya wenzao. Ikumbukwe kwamba tafiti hizi zilitumia kumbukumbu za bima. Mama asiye na bima, ambaye huona haya au hana nauli ya kwenda kwa daktari, hakuhesabiwa humo. Kwa hiyo takwimu hizi zatoa picha ya wenye nafuu.

Msiba usio na matanga

Kwa nini jamaa augue wakati mtu wake yu hai? Pauline Boss, mtaalamu wa masuala ya familia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alianza kulichunguza jambo linalokaribiana na hili katika miaka ya 1970, akiwasoma wake wa askari waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliuita msiba wa namna hiyo msiba usio bayana. Baadaye alieleza kwamba una sura mbili. Katika sura ya kwanza mtu hayupo kwa mwili lakini yumo moyoni, kama askari aliyepotea. Katika ya pili mwili upo, umekaa mezani, lakini mtu yule aliyejulikana hayupo tena kama alivyokuwa.

Anayepigwa risasi ya kichwa mara nyingi huangukia sura hiyo ya pili. Giffords alipoteza uwezo wa kuyapata maneno. Alijua anachotaka kusema, lakini neno halikuja, au lilikuja neno jingine. Mkono na mguu wake wa kulia ulidhoofika, na macho yake yakapoteza sehemu ya uwezo wa kuona. Wataalamu walimfundisha kupitia nyimbo, kwa kuwa muziki hutumia pia sehemu za ubongo ambazo risasi haikuziharibu. Kwa mumewe maana ya hayo ni kwamba mwanamke aliyeishi kwa kusema na watu sasa alimjibu kwa neno moja, na baadhi ya siku neno lenyewe halikuwa alilolikusudia.

Msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa jambo hili upesi akitazama desturi za kwao. Mtu akifa, jamvi hutandikwa. Majirani huleta unga, sukari na maji, wanawake huingia jikoni, wanaume hukesha nje, na kuna siku ya kuanua matanga na siku ya arobaini. Mfiwa hapewi nafasi ya kubaki peke yake hata akitaka. Lakini aliyepigwa risasi akaishi, watu humiminika hospitalini wiki ya kwanza, humshukuru Mungu, kisha hurudi kwenye shughuli zao. Mwezi wa tatu, anapohitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache ili asipate vidonda, hakuna jamvi. Na anayemgeuza hana ruhusa ya kulia, kwa sababu kulia kutaonekana ni kukosa shukrani.

Hapo ndipo penye ugumu kuliko pote. Wanaowahudumia jamaa hawa husimulia hisia ambazo wenyewe huzionea aibu: hasira dhidi ya majeruhi, kuchoka naye, hata kutamani kwa dakika moja kwamba mambo yangalikwisha siku ile ile. Hisia hizo si ishara ya kukosa upendo. Lakini zikifichwa hugeuka kukosa usingizi, ugomvi na pombe. Pale zinaposemwa mbele ya watu waliopitia hayo hayo hupungua makali, na ndiyo sababu vikundi vya manusura na jamaa zao vimeonekana kuwa na manufaa hata pale ambapo hakuna daktari wa akili.

Dalili zenyewe zinajulikana. Jamaa hushtuka mlango ukigongwa, huota tukio ambalo pengine hakulishuhudia, huepuka barabara fulani, huwapigia simu watoto kila baada ya saa. Katika wiki za mwanzo madaktari hawahesabu hayo kuwa maradhi, ni jinsi mwili unavyojilinda. Yakipita mwezi mmoja bila kupungua ndipo husema kuna kiwewe kinachohitaji tiba.

Wiki 12 na siku 158

Upendo pekee haulipi kodi ya nyumba. Utafiti wa Harvard ulikadiria kwamba gharama za matibabu ya kila manusura ziliongezeka kwa dola 2,495 kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa ililipwa na bima na waajiri. Lakini bima hailipi mshahara wa mke aliyeacha kazi ili amwogeshe mumewe.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 kuhusu likizo ya kifamilia humruhusu mfanyakazi kukaa wiki 12 kwa mwaka bila kufukuzwa kazi ili amuuguze mke, mume, mtoto au mzazi. Likizo hiyo haina malipo. Haiwahusu waajiri binafsi wenye wafanyakazi chini ya 50, na anayeitaka sharti awe amefanya kazi hapo mwaka mmoja na kutimiza saa 1,250. Ndugu wa kuzaliwa hakutajwa, wala shangazi au mjomba, ingawa katika familia nyingi za Kiafrika hao ndio walezi.

Linganisha na kalenda ya jeraha. Giffords alipigwa risasi tarehe 8 Januari na kuruhusiwa kutoka hospitali ya kurekebisha viungo mjini Houston tarehe 15 Juni. Hizo ni siku 158, zaidi ya wiki 22, na hapo ndipo kazi ya nyumbani ilipoanza. Katikati ya kipindi hicho Kelly alirejea kazini. Mwezi Mei aliongoza safari ya mwisho ya chombo cha Endeavour, na mkewe akafanyiwa upasuaji wa fuvu wakati mumewe akiizunguka dunia. Wapo waliomlaumu. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Mama mzazi wa Giffords na jamaa wengine walikuwapo, na mkono mmoja haulei mwana. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba wao walikuwa na wa kupokezana. James Brady naye aliendelea kuitwa msemaji wa Ikulu hadi Reagan alipoondoka madarakani mwaka 1989, ingawa hakuweza kuifanya kazi hiyo. Muuzaji wa duka la usiku au dereva wa teksi hawekewi cheo chake kwa miaka minane.

Upo msaada wa serikali. Sheria ya mwaka 1984 iliunda mfuko wa wahanga wa uhalifu, ambao hujazwa kwa faini za mahakama za shirikisho badala ya kodi za wananchi. Kila jimbo hulipa kutokana nao matibabu, ushauri nasaha na mapato yaliyopotea, na majimbo mengi huwajumuisha jamaa katika ushauri huo. Masharti ndiyo huwaangusha wengi. Aghalabu tukio lazima liripotiwe polisi mapema na mhanga ashirikiane na wapelelezi, na mfuko hulipa tu kile ambacho bima na wengine wote hawakulipa. Familia inayoogopa kisasi, au inayoogopa polisi, hujikuta nje ya mlango.

Kwa Waafrika Mashariki waishio Marekani mambo haya yana uzito wa pekee. Mwaka wa serikali wa 2016 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa nchini humo, watu 16,370, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Mama aliyekimbia bunduki Kivu, akapewa makazi katika mtaa wa kodi nafuu Marekani, anapoitwa hospitali usiku kwa sababu mwanawe amepigwa risasi, haanzi kuuguza upya. Anaendelea pale alipoachia. Si ajabu pia kwamba walioko nyumbani huambiwa kuwa ni ajali ya gari, kwa kuwa familia haitaki kuulizwa kijana alikuwa na nani saa hizo, na uongo huo huwakosesha msaada wa wale ambao wangeuelewa uchungu wao.

Mambo mawili yafaa kujulikana zaidi kuliko yanavyojulikana. Hospitali zinazopokea fedha za shirikisho zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, na kanuni zilizotokana na sheria ya afya ya mwaka 2010 zinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa katika dharura. Binti wa miaka 12 anayemtafsiria mama yake kwamba kaka hatatembea tena anajeruhiwa mara ya pili. Jambo jingine ni kwamba tangu mwaka 2000 sheria inatoa viza maalumu kwa wageni waliodhurika kwa uhalifu mkubwa na wanaousaidia upelelezi, na jamaa wa karibu wanaweza kuingizwa katika ombi hilo. Viza hizo hazizidi 10,000 kwa mwaka kwa waombaji wakuu, na foleni yake ni ya miaka.

Nairobi, Garissa na Dodoma

Afrika Mashariki haina bunduki nyingi mikononi mwa raia kama Marekani, lakini haikosi nyumba za namna hii. Shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa liliua watu 148, na wanafunzi walionusurika walihamishiwa Eldoret kumalizia masomo. Katika maandamano ya kupinga muswada wa fedha nchini Kenya mwezi Juni mwaka 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu hadi mwanzoni mwa Julai vifo 39 na majeruhi 361. Majina ya waliofariki yaliandikwa kwenye mabango. Hao 361, wakiwamo waliopigwa risasi, walirudi kwa mama zao. Agosti 2025 Rais William Ruto alitangaza jopo la kushughulikia fidia kwa wahanga wa maandamano tangu mwaka 2017, na hatua hiyo ikapingwa mahakamani muda mfupi baadaye. Kenya ina sheria ya kuwalinda wahanga tangu mwaka 2014, lakini katika nyumba nyingi mfuko unaofanya kazi ni harambee, ambayo nayo huchoka baada ya bili ya kwanza. Aliyevunjika uti wa mgongo ana hospitali moja tu ya umma iliyo mahususi kwa jeraha lake, jijini Nairobi, na vitanda vyake ni vichache.

Tanzania inamkumbuka Tundu Lissu, aliyepigwa risasi 16 mchana mjini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Usiku huo huo alisafirishwa hadi Nairobi, na Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji, mkewe akiwa kando yake. Familia ilijikuta ikibishana hadharani na Bunge kuhusu nani alipe matibabu, na Juni 2019, akiwa bado nje ya nchi, Spika alitangaza kwamba kiti chake ki wazi, moja ya sababu ikiwa ni utoro bungeni. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio lile. Kwa wanaouguza, hilo si suala la siasa pekee. Familia ya Giffords ilimwona mshambuliaji akikiri kosa na kuhukumiwa vifungo 7 vya maisha mwaka 2012, naye Kelly akasimama mahakamani akamwambia machoni kile alichowafanyia. Pale ambapo mshambuliaji hajulikani, jamaa hawajui ni mlango gani wa kufunga.

Waliotangulia kujifunza

Mjini Oakland, California, tangu mwaka 1994 kuna mpango ambao hupeleka mtu kando ya kitanda cha kijana aliyejeruhiwa, naye si daktari wala polisi, bali aghalabu ni mwenyeji wa mitaa hiyo hiyo. Humzuia asilipize kisasi, kisha humfuata nyumbani, huisaidia familia kujaza fomu, kumrudisha shuleni, hata kuhama mtaa. San Francisco ilianzisha mwaka 2001 kituo kinachowafuata wahanga majumbani badala ya kuwangoja kliniki. Mbinu hizi zimeigwa katika miji mingi, kwa sababu zinaitambua nyumba nzima kuwa mgonjwa.

Fedha zake, hata hivyo, hupanda na kushuka pamoja na siasa. Sheria ya Juni 2022 ilitenga dola milioni 250 kwa miradi ya kuzuia ghasia mitaani. Juni 2024 mganga mkuu wa Marekani, Vivek Murthy, alitangaza kwamba silaha ni janga la afya ya umma. Baada ya mabadiliko ya utawala, waraka wake uliondolewa kwenye tovuti ya wizara mwaka 2025, na Aprili mwaka huo Wizara ya Sheria ilifuta mamia ya ruzuku, zikiwamo za mashirika yanayofanya kazi ya kando ya kitanda. Kijana aliyekuwa katikati ya tiba hakuulizwa.

Giffords alijiuzulu ubunge Januari 2012. Kelly alichaguliwa kuwa seneta wa Arizona mwaka 2020. Mkewe huhutubia bado, kwa hotuba fupi anazozifanyia mazoezi kwa muda mrefu.

James Brady alifariki tarehe 4 Agosti 2014. Daktari wa serikali katika jimbo la Virginia aliuchunguza mwili na kuandika kwamba alikufa kwa kuuawa, kutokana na risasi ya mwaka 1981. Waendesha mashtaka waliamua kutofungua kesi mpya. Sarah, aliyeishi na jeraha hilo nyumbani kwake kwa miaka 33 na kupigania sheria ya mwaka 1993 iliyopewa jina la mumewe, alifariki tarehe 3 Aprili 2015, miezi minane baada yake.